Skripti kuisha si mchezo kuwa tayari

Wiki hii tena nimetumiwa skripti mpya kwenye simu, na chini yake swali lile lile: "Mtaigiza mwezi ujao?" Kana kwamba kilichobaki ni kugawa wahusika, kukariri na kubandika mabango mjini Nakuru. Nimechoka kulijibu swali hili mtu mmoja mmoja.

Nadhani imani hii tumeitoa shuleni. Waigizaji wetu wengi wamelelewa na makundi yanayozunguka shule za sekondari yakiigiza vitabu vya kutahiniwa. Huko maandishi hayaguswi, na ni haki: mwanafunzi amekuja kuona atakachoulizwa kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Shida ni pale mwigizaji huyo anapokuja kwenye mchezo mpya na kuogopa kuuliza kwa nini mhusika wake anasema anayoyasema.

Sisi tunasoma mezani, mwandishi akiwa kimya. Anaandika upya. Tunasimama, tunajaribu, anaandika upya tena. Kisha tunasoma mbele ya watu wachache.

Katika mchezo tulio nao sasa, shemeji anamfukuza mjane shambani. Mwandishi alimpa mjane hotuba ya nusu ukurasa: kaburi la mumewe, watoto, jasho lake. Maneno mazuri kweli. Siku ya kusimama, mwigizaji alivuta kigoda, akaketi, akaanza kupukuchua mahindi shemeji akiendelea kufoka. Kila punje ilisikika ikidondoka kwenye ungo. Shemeji akaanza kubabaika, akarudia maneno yake. Hotuba tukaikata, ukabaki mstari mmoja: "Ukimaliza, shemeji, funga lango."

Na wanaosema kuandika upya hivi ni mtindo wa kuiga wazungu wakumbuke kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, ilipoandaliwa Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanyika hadharani, na wanakijiji, wakulima na wafanyakazi, wakawasahihisha waandishi lugha na nyimbo.

Kinachonikera zaidi ni kicheko. Watu wakicheka kwenye usomaji, kundi zima linaamini onyesho limeshika. Lakini wamecheka nini? Hapa kwetu mhusika akichanganya "l" na "r" tu, ukumbi unavunjika mbavu, hata kama hakuna lolote lililotokea. Kicheko hicho kimekuja na watazamaji kutoka nyumbani. Kinachotokana na mchezo ni kile cha mtu aliyeona uongo wa shemeji kabla shemeji hajaumaliza. Kwa hiyo baada ya usomaji siulizi kama wamefurahia. Watu wana adabu, watasema ndiyo. Nauliza: "Mjane anataka nini?" Nikipata majibu matano yasiyofanana, onyesho linarudi mezani, hata kama walicheka hadi machozi. Naangalia pia simu zinatolewa mfukoni wakati gani. Mahali hapo napiga alama kwenye skripti.

Lisilonipa usingizi ni umiliki. Ule mstari wa lango ulizaliwa mdomoni mwa mwigizaji. Tunakubaliana kwa maandishi kabla ya mazoezi kwamba hakimiliki ni ya mwandishi na waigizaji wanapata mgao wa tiketi, lakini sioni kama tumemtendea haki mwigizaji yule. Tena nahofia kwamba tukizidi kukata kila kisichoshika mara moja, tamthilia zetu zote zitakuwa na sauti moja. Mwandishi bado anaidai hotuba yake. Nimemwambia tutaisoma tena kabla ya usomaji ujao, na mahindi yakiwepo.