Je, rangi inaweza kuwa na mwenyewe?

Alfajiri pale Kibirizi, Kigoma, mitumbwi inaporudi na dagaa, mchuuzi aliyesimama ufukweni hasomi jina la chombo. Herufi bado ziko mbali. Anachotafuta ni ule mkanda wa kijani juu ya ubao mweupe, na akishauona anajua ni chombo cha nani, anaanza kusogeza beseni lake. Rangi imeshafanya kazi ya jina.

Nilikumbuka jambo hilo mama mmoja muuza mawese wa soko la Mwanga aliponiuliza swali. Vidumu vyake vina vifuniko vya zambarau na wateja wamevizoea. Sasa jirani yake naye ameleta vya zambarau. Je, anaweza kuisajili zambarau iwe yake?

Ziko nchi ambazo rangi moja tupu imesajiliwa kuwa alama ya biashara. Kesi iliyofungua mlango Marekani ilihusu vifaa vya madobi. Kampuni ya Qualitex ilikuwa ikitengeneza vitandiko vya mashine za kupigia pasi, vyenye rangi ya kijani iliyochanganyika na dhahabu. Kampuni ya Jacobson ikaanza kuuza vitandiko vya rangi inayokaribiana na hiyo. Mwaka 1995 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwamba rangi peke yake inaweza kulindwa, mradi wanunuzi wamefikia hatua ya kuiona na kumtambua mtengenezaji.

Sharti hilo ndilo moyo wa jambo lote. Neno la kubuni kwenye kopo hujitangaza siku ya kwanza kwamba ni jina. Rangi haina sauti hiyo. Mnunuzi akikutana nayo mara ya kwanza huiona pambo tu. Ni miaka ya kuuza, kwa rangi ileile bila kuyumba, inayoigeuza pambo kuwa kitambulisho. Kwa hiyo sheria haimpi mtu zambarau. Inalinda ile maana ambayo wateja wenyewe wameibandika juu ya zambarau, tena kwa bidhaa za aina hiyo tu. Anayelindwa kwenye mafuta ya kula hana la kumwambia fundi viatu.

Kuna rangi ambazo hata ukizitumia miaka hamsini hupewi, na hapa wavuvi wa Kibirizi wataelewa kuliko mwanasheria yeyote. Kampuni ya Brunswick ya Marekani, inayotengeneza injini za boti za Mercury, iliomba kusajili rangi nyeusi kwa injini zake. Mwaka 1994 mahakama ya rufaa ilikataa. Nyeusi huendana na boti ya rangi yoyote, na hufanya injini ionekane ndogo. Kama rangi ina faida ya namna hiyo, kila mtengenezaji anaihitaji, na kumwachia mmoja ni kuwafunga wengine mikono. Kwa hoja hiyohiyo, asitokee mtu Kigoma akadai ule wekundu wa mawese yenyewe. Ni rangi ya tunda la mchikichi, ya wote wanaokamua.

Halafu rangi lazima itajwe kwa usahihi. Mwaka 2003, katika kesi ya kampuni ya Libertel iliyotaka kusajili rangi ya chungwa, Mahakama ya Ulaya ilisema kipande cha karatasi kilichopakwa rangi hakitoshi, kwa kuwa karatasi huchujuka. Inafaa kutaja namba ya rangi inayotambulika kimataifa, kama zile za Pantone. Kampuni ya Cadbury ilitaja namba ya zambarau yake ya chokoleti, lakini maelezo yake yakasema inaweza kuwa rangi "iliyotawala" kwenye karatasi ya kufungia chokoleti. Iliyotawala kiasi gani? Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliikatalia.

Kwa Tanzania Bara, alama husajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, inayotaka alama iwe ishara inayoonekana. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Rangi moja tupu ni mzigo mzito kuuthibitisha kwa mfanyabiashara mdogo. Pita barabara ya Lumumba uangalie mabango ya mawakala wa simu: Vodacom nyekundu, Airtel nyekundu, na hakuna anayepotea, kwa sababu kila nyekundu imeshikana na jina na mchoro wake.

Ndivyo nilivyomshauri yule mama. Asajili jina lake na mchoro, akiuonyesha kwa rangi anazotumia, zambarau ikiwemo. Jirani akiiga mwonekano mzima hadi wateja wakachukua dumu lake wakidhani ni la mama, hilo ni kosa la kuuza kwa kujifanya mwingine, na linaweza kushtakiwa hata kabla ya usajili. Ila atatakiwa kuonyesha kwamba wateja walimjua kwa mwonekano huo tangu zamani. Kwa hiyo nikamwomba aanze siku ileile: apige picha za vidumu vyake sokoni, na stakabadhi za vifuniko vya zambarau, zenye tarehe, asizitupe.