Somo la Tabianchi Lianzie Kwenye Tope la Mikoko

Mwanachuo anayefundishwa mabadiliko ya tabianchi kwa picha za barafu ya Kilimanjaro inayoyeyuka hutoka darasani na huzuni, na pengine alama nzuri za mtihani. Barafu ile hawezi kuirudisha. Sisi tunaofundisha sayansi vyuoni tumpe jambo ambalo mikono yake inalifikia.

Mpeleke Gazi, Kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya. Wakazi wa Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hati za kaboni inayohifadhiwa na msitu huo, kwa wanaotaka kufidia hewa ukaa wanayoitoa. Fedha zake zimesaidia maji na shule za vijiji hivyo. Nyuma ya biashara hiyo kuna hesabu ambayo mwanachuo wa mwaka wa kwanza anaiweza.

Anaanza na kipenyo cha shina. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, hupimwa usawa wa kifua, sentimita 130 kutoka ardhini. Mkoko wenye mizizi inayotokea juu ya shina hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Kipenyo humsaidia kukadiria uzito mkavu wa mti, na karibu nusu ya uzito huo, takriban asilimia 47, ni kaboni. Hapo anaikuta kemia ya kidato cha tatu: uzito wa atomi ya kaboni ni 12, wa molekuli ya hewa ukaa (CO2) ni 44, kwa hiyo kila kilo ya kaboni ilitokana na kilo 3.67 za hewa ukaa. Mti wa kilo 100 kavu umenasa takriban kilo 170 za hewa ukaa.

Halafu atie mkono topeni. Hapa ndipo somo linapokolea. Tope lile hunuka yai viza kwa sababu halina oksijeni, na bakteria wake hutumia salfeti badala yake. Majani na mizizi huoza polepole mno. Sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko imelala huko chini, si kwenye miti. Msitu ukikatwa, tope hupata hewa, na kaboni iliyokaa karne nyingi huanza kurudi angani.

Aliyelielewa hilo hahitaji kuambiwa kwamba kulinda msitu uliopo kunatangulia kupanda mpya. Na akialikwa siku ya kupanda miti, atauliza maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita kiasi cha kawaida, yanafika wapi, na zamani paliota mti gani. Inaniuma kuona miche iliyopandwa kwa moyo mweupe ikifa kwa sababu tu iliwekwa chini mno, ikafunikwa na maji kutwa.

Mtihani nao ubadilike. Kila kundi lipewe kipande cha msitu, lipime, lirudi mwaka unaofuata kuipima miti ileile, na matokeo liwasomee kwanza wanakijiji wanaoutunza msitu huo, ndipo liyalete kwa mkufunzi.