Mshipa wa damu si bomba: dhana potofu kuhusu damu na kuta inamopita

Picha ya bomba imetukaa vichwani tangu shuleni: moyo ni pampu, mishipa ni mabomba, mafuta yakizidi yanaziba. Kwa mtoto wa shule ya msingi inatosha. Mtu mzima akiendelea kuishikilia itampotosha kuhusu kiharusi, mshtuko wa moyo na hata mazoezi, kwa sababu haina seli ndani yake. Kila mshipa umetandikwa kwa ndani safu moja tu ya seli, zinazoitwa seli za endothelia, na hizo ndizo zinazoguswa na damu usiku na mchana. Zinahisi jinsi damu inavyopita, na zikihisi zinachukua hatua.

Dhana: Safu ya ndani ya mshipa ni ganda tu la kuzuia damu isivuje

Hadi miaka ya 1970 hata wanasayansi wengi waliiona hivyo. Mwaka 1980 Robert Furchgott na John Zawadzki, nchini Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa vipande vya aota (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni) ya sungura. Kipande ambacho safu yake ya ndani ilikuwa nzima kilipowekewa asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe wa neva, kililegea. Kile ambacho safu hiyo ilikuwa imekwanguliwa hakikulegea. Basi ilikuwa wazi kwamba seli hizo hutoa kitu kinachoiamuru misuli ya ukuta ilegee. Baadaye kitu hicho kilitambuliwa kuwa gesi ya nitriki oksidi, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa Tuzo ya Nobel.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba mwilini seli hizo husukumwa kuitoa gesi hiyo na mwendo wenyewe wa damu. Damu ikipita inasugua uso wa seli. Juu ya uso huo kuna manyoya laini mno ya sukari na protini, na kwenye utando wa seli kuna milango midogo ya protini. Mmoja wao, PIEZO1, hufunguka utando unapovutwa na kuruhusu kalsiamu iingie. Uligunduliwa mwaka 2010 na Ardem Patapoutian na wenzake, naye akashiriki Tuzo ya Nobel ya 2021. Hata pale seli mbili zinaposhikana kuna protini zinazopokea mvuto huo. Kalsiamu ikiingia, nitriki oksidi inatolewa na mshipa unapanuka.

Jambo hili linaweza kuonekana kwa macho. Mtu anafungwa mkononi mkanda kama ule wa kupimia presha, damu inabanwa kwa dakika 5, kisha mkanda unafunguliwa ghafla. Damu inarudi kwa nguvu, na kwenye ultrasaundi ateri (mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni) ya mkono inaonekana ikipanuka ndani ya dakika moja hivi. Kwa mvutaji wa sigara upanukaji huo mara nyingi ni hafifu, hata kabla hajaanza kuugua.

Dhana: Damu ikienda kasi inachubua mishipa, na mafuta hunasa palipochubuka

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote, na inaeleweka kwa nini. Mwaka 1968 Donald Fry alionyesha kwa mbwa kwamba msuguano mkali kupita kiasi huharibu seli za ukuta. Lakini mwaka uliofuata Colin Caro na wenzake, jijini London, walieleza jambo lililopindua mawazo: katika ateri za binadamu, mabaka ya mafuta hukaa zaidi pale ambapo msuguano ni *mdogo*.

Tazama ateri ya shingoni inapogawanyika. Tawi linalokwenda kwenye ubongo huanza na upanuko mdogo wa kawaida. Kwenye ncha inayoigawa damu, mkondo unapita kasi na ukuta kwa kawaida hubaki safi. Kando kidogo tu, kwenye ukuta wa nje wa ule upanuko, damu inapoa mwendo, inazunguka, na katika kila pigo la moyo inarudi nyuma kidogo kabla ya kusonga tena. Hapo ndipo baka la mafuta hupenda kuanzia. Damu ni ileile, yenye lehemu (kolesteroli) ileile. Kinachotofautiana ni namna inavyopita.

Ukiziangalia seli kwa darubini utaona tofauti hiyo. Palipo na mkondo thabiti zimerefuka na kulala kufuata mwelekeo wa damu. Seli zilizooteshwa maabara na kupitishiwa mkondo wa namna hiyo hujipanga hivyo kwa takriban siku moja. Ndani yake, protini kama KLF2 huwasha jeni za kutuliza uvimbe na kuzuia damu isigande. Palipo na mkondo wa kwenda na kurudi, seli hubaki bila mpangilio, KLF2 hupungua, NF-kB, protini inayochochea uvimbe, huamka, na seli zinaweka juu yake vishikizo vinavyonasa chembe nyeupe za damu. Chembe hizo zinapenya ukutani, zinameza lehemu, na baka linaanza kujengeka.

Mkondo mbaya peke yake hautoshi. Sote tuna maungio hayo shingoni. Lehemu nyingi, sigara, kisukari na presha ndivyo vinavyoligeuza eneo dhaifu kuwa ugonjwa. Nao msuguano mkali sana una hatari yake: ateri ikishakuwa nyembamba, damu inayochuruzika humo kwa kasi huamsha chembe sahani zinazogandisha damu.

Dhana: Msuguano wa damu na presha ni kitu kimoja

Hapana. Presha inasukuma ukuta kwenda nje, msuguano unavuta seli kufuata mkondo. Presha ya milimita 100 za zebaki ni kama paskali 13,000 (paskali ni kipimo cha nguvu inayokandamiza au kusugua eneo), ilhali msuguano katika ateri kubwa kwa kawaida ni paskali 1 hadi 2 hivi. Nguvu ndogo kiasi hicho, na bado seli inaihisi! Ndiyo maana mazoezi ya kawaida, yanayoongeza mwendo wa damu, huzinufaisha seli hizi, wakati presha inayokaa juu miaka na miaka huzidhuru.

Dhana: Upana wa mshipa ndio ule uliozaliwa nao

Mwaka 1893 Richard Thoma, akichunguza viinitete vya kuku, aliona kwamba mishipa inayopitisha damu kwa kasi hupanuka na ile ya polepole husinyaa. Mwaka 1986 watafiti Langille na O'Donnell walipunguza damu katika ateri ya shingo ya sungura, nayo ikapungua upana. Safu ya endothelia ilipoondolewa, haikupungua vile. Hesabu yake inapendeza: mtiririko ukibaki uleule, mshipa ukipanuka kwa asilimia 10 tu, msuguano hushuka kwa karibu robo. Kwa hiyo seli hurekebisha upana hadi msuguano urudi katika kiwango zilichozoea.

Madaktari wa figo wanalitegemea jambo hili. Kabla ya mgonjwa kuanza kusafishwa damu kwa mashine, mpasuaji huunganisha vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya mkono na ateri. Vena hiyo, ambayo haijawahi kupata mkondo wala presha ya namna hiyo, hupanuka na kunenepa ukuta kwa wiki kadhaa hadi iweze kuchomwa sindano kubwa mara kwa mara. Isipopanuka vya kutosha haifai kutumika, na upasuaji huenda ukarudiwa.