Krediti Kupokelewa Si Krediti Kutumika: Kwa Mzazi Ambaye Mtoto Wake Anasoma Chuo Akiwa Bado Sekondari

Mama mmoja aliingia ofisini kwetu chuo kikuu, hapa Minnesota, ameshika bahasha kifuani kama mtu aliyebeba hati ya kiwanja. Ndani mlikuwa na transkripti ya binti yake, yaani orodha rasmi ya masomo na alama: krediti 62 za chuo (krediti ni kipimo cha uzito wa somo), zote alizipata akiwa bado sekondari, na familia haikulipa ada. Ni familia ya Wakongo iliyopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuletwa Marekani. "Mwalimu," akaniambia, "shahada ni krediti 120. Mwanangu amebakiza 58. Si ni miaka miwili tu? Na anataka kusomea fani mbili."

Kutoa na kujumlisha alikuwa hajakosea. Lakini chuo kikuu hakihesabu namna hiyo, na ningependa kila mzazi ajue hivyo mapema, mtoto akiwa darasa la 9 au la 10, badala ya kuja kujua siku ya usajili.

Kwanza tulinyooshe neno moja. Nyumbani tukiuliza "anasoma kozi gani?" tunamaanisha programu nzima: uuguzi, sheria, uhasibu. Mshauri wa shule ya Marekani akitaja kozi anamaanisha somo moja la semesta moja, aghalabu la krediti 3 au 4. Nimeshaona wazazi wakitoka kwenye kikao wakiamini mtoto amemaliza programu tatu, kumbe ni masomo matatu. Hapa nitasema "somo" na "fani" ili tusichanganyane.

Majimbo mengi yanamruhusu mwanafunzi wa sekondari kusoma masomo ya chuo, na somo lilelile likahesabiwa huku na kule. Minnesota ilianza mwaka 1985 kwa mpango uitwao Postsecondary Enrollment Options, ambao watu huuita PSEO, nao hugharamia ada na vitabu. Ohio ina College Credit Plus, unaopokea wanafunzi tangu darasa la 7. Washington ina Running Start. Kwa nyumba ambayo baba anafanya zamu ya usiku kiwandani na mama anatunza wazee, mipango hii ni neema ya kweli. Sitaki mtu asome makala hii kisha amzuie mtoto wake. Nataka mtoto aingie akijua kila somo litakwenda kukaa wapi.

Transkripti ikifika chuo kikuu, hufanyiwa kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kupokea: je, somo hili ni la kiwango cha chuo, limetoka chuo kinachotambulika, na alama inatosha? Mara nyingi hutakiwa angalau C. Ya pili ni kulipangia nafasi. Linaweza kujaza sharti la elimu ya jumla, yaani masomo ya msingi ambayo mwanafunzi wa fani yoyote hutakiwa kuyasoma, linaweza kujaza sharti la fani, au likawekwa kapuni pamoja na masomo ya hiari. Somo la kapuni limepokelewa, linaonekana kwenye hesabu ya krediti, ila haliondoi sharti lolote la fani. Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kuwa na krediti 60 na bado akakaa chuoni miaka mitatu.

Turudi kwa yule binti. Krediti 40 kati ya zake zilikamilisha elimu ya jumla, ule mfumo wa malengo 10 ambao vyuo vya umma vya Minnesota vimekubaliana kuutambua. Hizo zilikaa vizuri. Zilizobaki zilikuwa saikolojia, sosholojia, sanaa, takwimu, na aljebra ya chuo. Yeye alitaka sayansi ya kompyuta pamoja na uchumi. Sayansi ya kompyuta ni mnyororo: huwezi kusoma miundo ya data kabla ya somo la kwanza la kuandika programu, wala algorithimu kabla ya miundo ya data, wala mifumo endeshi na mradi wa mwisho kabla ya hayo yote. Kando yake kuna mnyororo wa hisabati, kalkulasi ya kwanza kisha ya pili. Alikuwa hajagusa kiungo cha kwanza cha mnyororo wowote. Tukihesabu kiungo baada ya kiungo, tunapata semesta tano au sita hata kama angeletewa krediti mia za ziada, kwa sababu krediti hazifupishi mnyororo.

Hata hivyo zile 40 zilimpa kitu kingine: nafasi. Kila semesta ambayo mwenzake angeisoma historia na uandishi, yeye angeweza kuweka somo la uchumi. Kwa hiyo nilimwambia mama: si miaka miwili kwa fani mbili, ni mitatu. Kwangu mimi hiyo ni faida kubwa, maana wengi wa fani mbili huona minne haiwatoshi.

Kuhusu kuchanganya fani, angalieni zinavyoingiliana. Kompyuta na hisabati hugawana kalkulasi na aljebra mstari. Uchumi na takwimu nazo hushirikiana. Uuguzi na kompyuta karibu hazikutani. Vyuo vingi pia huweka kikomo cha masomo yanayoruhusiwa kuhesabiwa kwenye fani zote mbili, basi ulizeni kikomo hicho kabla ya kufurahia mfanano. Tofautisheni pia fani mbili ndani ya shahada moja na shahada mbili kamili. Za pili kwa kawaida hudai krediti 30 au zaidi juu ya zile 120. Mara nyingi fani moja pamoja na fani ndogo, ambayo ni masomo matano au sita hivi, hufanya kazi ileile kwa mwanafunzi anayejua anachokitafuta.

Sasa fedha. Masomo ya chuo yanayosomwa wakati wa sekondari hayali ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini, ambayo ina kikomo cha miaka 6 ya masomo ya muda wote. Lakini krediti zinazopokelewa huingia kwenye kipimo cha maendeleo ya masomo. Msaada wa serikali kuu hufika ukomo mwanafunzi akivuka asilimia 150 ya urefu wa programu, yaani krediti 180 kwa shahada ya 120. Mwenye 62 mkononi na fani mbili mbele yake aihesabu hiyo dari mapema. Na Pell hukoma mtu akishapata shahada ya kwanza. Anayetaka fani mbili azisajili zote pamoja. Asimalize moja akitumaini ruzuku itarudi kwa ya pili.

Wanaohama kutoka vyuo vya mfumo wa robo, vinavyogawa mwaka kwa robo badala ya semesta, kama vyuo vingi vya jamii huko Washington, wajue krediti moja ya robo ni theluthi mbili ya krediti ya semesta. Krediti 90 huwa 60. Vyuo vikuu vya binafsi vyenye ushindani mkali mara nyingi hukataa kabisa somo lililokwishahesabiwa kwenye cheti cha sekondari.

Transkripti ya sekondari haitoshi hata kama masomo ya chuo yameandikwa humo. Kila chuo alichosoma mtoto kitume yake rasmi. Tunzeni silabasi ya kila somo. Alama kwa kawaida hazihami pamoja na krediti, lakini hazifutiki: maombi ya vyuo vya udaktari huhesabu kila somo la chuo, hata lililosomwa akiwa na miaka 16. Mtoto aliyeelemewa apunguziwe mzigo mapema, kabla ya tarehe ya mwisho ya kuacha somo.

Kuna jambo linalowaumiza sana wazazi wetu. Kwa sheria ya FERPA ya 1974, inayolinda faragha ya kumbukumbu za wanafunzi, mtoto akishaanza chuo, haki za kumbukumbu zake za chuo ni zake mwenyewe, hata kama hajafika miaka 18. Ukinipigia simu kuuliza alama zake, siwezi kukujibu bila idhini yake ya maandishi. Si kwamba nakudharau. Njooni pamoja, kama yule mama na binti yake walivyorudi wiki iliyofuata.

Safari hiyo walileta silabasi. Somo lake la takwimu lilikuwa limewekwa kapuni kwa sababu jina lake halikufanana na letu. Tuliandika ombi la kulitathmini upya, idara ya uchumi ikalisoma wiki kwa wiki, ikalikubali kuwa sharti la fani. Binti akajisajili kalkulasi ya kwanza na somo la kwanza la programu kwa semesta ileile.