Giza na Mvua: Kwa Nini Magari Huandamana Barabara ya Nzega–Tabora

Msimu wa mvua mkoani Tabora, ambao kwa kawaida huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, hubadili mwenendo wa magari katika barabara kuu kuliko madereva wengi wanavyodhani. Kinachobadilika kwanza si mwendo, bali nafasi inayohitajika kati ya gari moja na lingine.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria kwa mabasi na malori makubwa, hukata takriban mita 22 kila sekunde. Ukijumlisha muda wa dereva kushtuka na muda wa breki kushika, gari hilo huhitaji mita 90 hivi kusimama kwenye lami kavu, na karibu mita 120 lami ikilowa. Taa za chini huonyesha vizuri mita zipatazo 50 tu. Anayeng'ang'ania 80 usiku wa mvua, basi, ataliona trekta bovu lisilo na kiakisi mwanga wakati breki haziwezi tena kumwokoa.

Magari yakifuatana kwa sekunde 2, njia moja hupitisha magari 1,800 kwa saa. Yakifuatana kwa sekunde 3, hupita 1,200. Nchini Marekani, mamlaka ya barabara kuu hukadiria kuwa mvua kubwa hupunguza uwezo wa barabara kwa asilimia 10 hadi 30. Hizo, hata hivyo, ni barabara pana zenye magari tele, na si busara kuzihamishia takwimu zake huku kama zilivyo.

Barabara ya Nzega hadi Tabora, kama ile ya kwenda Urambo na Kaliua, haijai magari. Shida yake ni kwamba kila upande una njia moja. Mchana, dereva wa basi akilikuta lori lenye shehena husubiri sehemu iliyonyooka, akalipita. Usiku hawezi kukadiria umbali wa gari linalokuja kwa kutazama taa mbili tu, na akiona taa moja hajui kama ni bodaboda au lori lililounguza taa ya pili. Hapo ndipo msafara unapojengeka, na mwenye haraka aliye mkiani ndiye huwa wa kwanza kuchomoka.

Mvua huongeza tatizo hilo kwa namna isiyoonekana mchana. Utando wa maji hulainisha uso wa lami, hivyo mwanga wa taa zako, badala ya kukurudia, huteleza mbele na kumpiga machoni anayekuja. Mistari nayo hupotea, kwa kuwa chembe za kioo zilizomo kwenye rangi yake zimefunikwa na maji, na dereva asiyeiona husogea katikati ya barabara bila kujua. Manyunyu ya kwanza baada ya kiangazi yanastahili tahadhari ya pekee, maana vumbi na mafuta yaliyotuama tangu Juni hugeuka utelezi kabla mvua haijayaosha.

Tunawashauri madereva waache angalau sekunde 4, wakihesabu tangu gari la mbele lilipopita kibao cha barabarani. Dereva wa lori anayeona msururu kwenye kioo chake atafute mahali palipo imara, aegeshe kando, awapishe. Na taa zote za indiketa zisiwashwe kwa pamoja gari likiwa mwendoni, kwa sababu wa nyuma hatajua ni lini unakata kona.