Panta wa NFL: yanayosemwa na yalivyo

Mtu aliyezoea soka, akitazama mechi ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, kwa mara ya kwanza, humwona panta kama mtu anayeletwa uwanjani kuomba radhi. Timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikikwama katika la tatu, mara nyingi haithubutu kulijaribu la nne, na hapo panta huingia kuwapigia wapinzani mpira mbali. Husimama yadi 14 au 15 nyuma ya mstari ambako mchezo unaanzia, hurushiwa mpira, huuachia kutoka mkononi na kuupiga kabla haujagusa chini, kisha hurudi benchi. Kwa kuwa huonekana mara chache tu katika mechi nzima, maneno yanayozagaa juu yake mengi hayana mguu wala kichwa.

“Panta bora ni anayepiga mbali kuliko wote.” Hili ndilo kubwa, na takwimu za kwenye televisheni zinalichochea.

Pigo refu kuliko yote katika historia ya NFL ni la Steve O'Neal wa New York Jets, la tarehe 21 Septemba 1969, mjini Denver: yadi 98, karibu mita 90. Timu yake ilikuwa imebanwa kwenye yadi yake ya 1, yaani yadi moja tu kutoka mstari wake wa goli, na mpira ukaja kusimama kwenye yadi ya 1 ya upande wa pili. Lakini si mguu uliofanya kazi yote. Mpira ulimpita mpokeaji wa wapinzani juu ya kichwa, ukadunda na kubingirika. Tena Denver iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mpira husafiri.

Kocha huhesabu kinachobaki mkononi. Tuseme panta amepiga yadi 55, mpira wa chinichini wenye kasi. Unamfikia mpokeaji wakati wakabaji bado wako mbali, naye anakimbia nao yadi 20. Faida ni yadi 35. Panta mwingine anapiga yadi 43 tu, ila mpira unakaa hewani karibu sekunde tano. Mpokeaji akitupa jicho anaona amekwisha kuzingirwa, anapunga mkono kuomba audake bila kuguswa. Faida ni 43 kamili. Kwenye orodha ya wastani, wa kwanza ndiye atakayesifiwa.

Nguvu ikizidi huleta hasara pia. Timu ikiwa kwenye yadi ya 45 ya wapinzani na panta akaupiga mpira hadi eneo la mwisho, nyuma ya mstari wa goli, wapinzani huanzia yadi yao ya 20. Pigo zima limeleta yadi 25. Hapo anatakiwa kuupunguza, uangukie karibu na mstari au utoke pembeni. Jeff Feagles alijijengea jina kwa kuutoa mpira nje kwenye kona, akacheza misimu 22, kuanzia 1988 hadi 2009, mechi 352 mfululizo bila kukosa hata moja. Ray Guy, aliyechaguliwa na Oakland Raiders mwaka 1973 katika raundi ya kwanza ya drafti, ambako timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, aliondoka na wastani wa yadi 42.4, ambao leo ungeweza kumtia matatani. Hata hivyo, mwaka 2014 yeye ndiye aliyekuwa panta wa kwanza asiye na nafasi nyingine kuingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo.

Na siri ya pigo iko mkononi kabla ya kufika mguuni. Mpira wenyewe umechongoka. Ncha ikiinama kidogo tu wakati wa kuuachia, mguu unakutana na upande usio wake na mpira unakwenda kombo. Kuanzia kurushiwa hadi kupiga ni sekunde mbili hivi, na watu wazito wanakuja mbio kumfuata.

“Kazi yake ni hiyo tu.” Katika timu nyingi, panta ndiye pia humshikia mpira mpigaji wa magoli: anadaka, anausimamisha chini na kuugeuza ili mshono usikutane na mguu wa mwenzake. Hakuna anayeliona hilo mpaka atoweke. Tarehe 3 Desemba 2023, Tennessee Titans wakicheza na Indianapolis Colts, pigo la Ryan Stonehouse lilizuiwa, akagongwa, goti likaumia. Sheria humlinda panta, kwani kumgonga vibaya ni adhabu ya yadi 15, lakini ulinzi huo huisha mpinzani akishaugusa mpira. Kwotabeki (mtupa pasi mkuu) wa akiba, Ryan Tannehill, akachukua kazi ya kushika. Titans walipofunga tachidauni, yaani walipoufikisha mpira eneo la mwisho, Nick Folk akakosa pointi ya nyongeza, ambayo kwa kawaida ni ya kuokota tu. Mechi ikaingia muda wa ziada na Titans wakalala 31–28. Kesho yake kocha wa kikosi maalumu, kile cha mapigo ya mguu, akafukuzwa.

“Ni ajira ya kudumu, isiyo na presha.” Feagles ndiye anayewadanganya watu. Timu ziko 32, na kila moja kwa kawaida huweka panta mmoja tu, kwa hiyo hakuna wa pili anayekaa benchi akisubiri zamu. Stonehouse huyohuyo, mwaka 2022 katika msimu wake wa kwanza, alipiga kwa wastani wa yadi 53.1 na kuvunja rekodi ya Sammy Baugh iliyodumu tangu 1940. Mwaka 2025 Titans walimwacha aende, wakamsajili Johnny Hekker, mwenye miaka 35.

“Si mwanamichezo wa kweli.” Hekker alikuwa kwotabeki sekondari, na akiwa na timu ya Rams aliwahi mara kadhaa kujifanya anapiga, kumbe anatupa pasi. Ray Guy chuoni alikuwa pia beki. Tuendelee.

“Lazima awe Mmarekani aliyelelewa na mchezo huo.” Darren Bennett alitoka kwenye mpira wa Australia, akaanza kuichezea San Diego mwaka 1995, akaja na pigo linalozunguka kinyumenyume ili mpira usikimbilie mstarini. Sav Rocca alianza NFL mwaka 2007 akiwa na miaka 33. Michael Dickson wa Seattle, mwaka 2021 dhidi ya Rams, alizuiwa pigo lake, akauokota mpira huku akikimbia na kuupiga tena. Waamuzi walijadiliana, kisha wakaliruhusu. Jamie Gillan naye ni Mskoti aliyekulia kwenye raga.

“Kumchagua panta mapema kwenye drafti ni kupoteza nafasi.” Mwaka 2012 Jacksonville walimchukua Bryan Anger katika nafasi ya 70. Anger hakuwa galasa. Baadaye, akiwa Dallas, aliitwa Pro Bowl, heshima ya nyota wa msimu. Tatizo ni kwamba nafasi tano baada yake Seattle walimchukua Russell Wilson, kwotabeki aliyewapa Super Bowl, yaani ubingwa wa NFL, kabla ya miaka miwili kuisha. Kwa hilo, mashabiki wa Jacksonville wana haki ya kununa.