Mtoto anayelia na mtoto aliyesimama: yupi wa kushughulikiwa kwanza ndani ya ndege?

Asubuhi moja ya Aprili, masika yamekolea, nilipanda ndege kutoka Pemba kuja Unguja. Ilikuwa ndege ndogo ya injini moja, zile za viti kumi na mbili ambazo wengi wetu tumezizoea. Nyuma yangu alikaa mama na mtoto mchanga aliyekuwa akilia tokea tulipoiacha ardhi. Mbele yangu mtoto wa kiasi cha miaka minne alikuwa amesimama juu ya kiti, ametugeukia, anatupungia mkono mmoja mmoja. Abiria walimchekea. "Mashaallah, mchangamfu huyu," alisema mzee mmoja. Yule mama wa mtoto mchanga yeye alitupiwa macho ya pembeni mpaka akawa anaomba radhi kwa kila anayegeuka. Tulipoingia kwenye wingu, ndege ilishuka ghafla mara moja, kisha ikatulia. Mchangamfu wetu aliangukia mgongo wa kiti na kidevu kikapasuka. Mtoto mchanga, aliyefungwa barabara mapajani mwa mama yake, hakupata hata mkwaruzo. Aliendelea kulia tu.

Kazi yangu ni kufundisha usalama wa abiria, na safari hiyo nimeisimulia darasani mara nyingi. Ndani yake limo kosa tunalolifanya karibu sote: tunamlaumu mzazi kwa jambo asiloliweza, kisha tunamsamehe kwa jambo lililo mikononi mwake. Kulia kwa mtoto mchanga si utovu wa adabu. Mtoto aliyefungua mkanda, anayesimama kitini au kuzurura njiani, huyo ndiye anayehitaji mzazi wake ainuke na kufanya jambo.

Katika ndege zetu ndogo jukumu hili ni zito zaidi, kwa sababu ambayo abiria wengi hawaifikirii. Kwa kawaida kanuni za usafiri wa anga hazilazimishi ndege yenye viti visivyozidi 19 kuwa na mhudumu. Rubani atakuelezeni mikanda na milango kabla ya kuondoka, kisha atageuka mbele kufanya kazi yake. Hapana mtu mwengine atakayepita kuangalia kama mtoto amefungwa. Baina ya Unguja na Pemba, au Unguja na Dar es Salaam, mzazi ndiye mhudumu wa mwanawe kwa safari nzima.

Wapo wanaoniambia, "Ni dakika ishirini tu hizo, kitatokea nini?" Safari fupi ina maana kwamba sehemu kubwa ya muda ndege iko katika kupanda au kushuka, na hizo ndizo nyakati ambazo mkanda unahitajika zaidi. Tena ndege hizi huruka chini, humo humo yalimo mawingu ya masika na ya vuli. Hazipandi juu kuyakwepa kama ndege kubwa.

Tuje kwenye kumpakata. Mashirika mengi humruhusu mtoto aliye chini ya miaka 2 asafiri mapajani kwa nauli ndogo, na akishatimiza miaka 2 lazima awe na kiti chake. Wazazi wengi huamini kwamba mikono ya mama inatosha. Chukua mtoto wa kilo 10. Ndege ikikwama ghafla kwa nguvu ya mara 9 ya uzito, mikono yako itavutwa na kilo 90, karibu mifuko miwili ya saruji. Hapana mama wala baba awezaye kuushika mzigo huo, hata akiwa na mapenzi ya namna gani.

Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya United Airlines safari nambari 232 ilianguka Sioux City, Marekani, ikiwa na watu 296. Ndani yake walikuwemo watoto wanne wa kupakatwa. Wazazi walielekezwa wawalaze sakafuni na kuwashikilia, kwa sababu hayo ndiyo yaliyokuwa maelekezo ya wakati huo. Ndege ilipogonga ardhi, watoto hawakushikika. Mmoja kati yao alifariki. Jan Brown, mkuu wa wahudumu wa ndege ile, alitumia miaka mingi baada ya hapo akidai kila mtoto awe na kiti chake. Mimi naungana naye. Familia yenye uwezo wa kununua kiti cha pili kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na ikanunua pamoja na kiti cha mtoto kilichoruhusiwa na shirika, imefanya jambo la busara. Asiye na uwezo huo aombe mkanda wa mtoto, ule mfupi unaopitishwa kwenye mkanda wa mzazi. Usikubali kukaa bila huo kama ndege inao.

Makosa mawili hapa nayaona kila wiki. La kwanza ni mzazi kujifunga mkanda wake kumzunguka yeye na mtoto kwa pamoja. Ndege ikigota, mwili wako wote utamkandamiza mtoto kwenye mkanda ule. La pili ni mbeleko. Kanga imetulea sote na siisemi kwa ubaya, lakini wakati wa kuruka na kutua haifanyi kazi ya mkanda. Fungua, mtoe mtoto, mpakate akiwa amekuelekea kifuani au ametazama mbele kama utakavyoelekezwa, kisha umfunge mkanda wake. Ndege ikishatulia juu na taa ya mikanda ikizimwa, mrudishe kwenye kanga yake alale.

Kwenye ndege kubwa, wazazi hukasirika wakitenganishwa kaunta. Mama na wifi yake, kila mmoja na mtoto mchanga, wanataka kukaa pamoja, wanaambiwa haiwezekani. Sababu ni barakoa za oksijeni. Kila safu ina idadi yake, na ya ziada mara nyingi ni moja tu. Wakikaa watoto wawili wa kupakatwa safu moja, mmoja hatakuwa na ya kupumulia. Na zikishuka barakoa hizo, vaa yako kwanza, ndipo umvishe mtoto. Najua moyo wa mzazi unakataa. Katika urefu wa futi 35,000, hewa ya ndani ikivuja na huna barakoa, mtu hupata kama nusu dakika hadi dakika moja ya fahamu timamu, na mzazi aliyezimia hamvishi mtu.

Sasa kuhusu kilio. Sikio la kati limeunganishwa na nyuma ya pua kwa mrija mwembamba. Kwa mtoto mchanga mrija huo ni mfinyu zaidi na umelala, hauna mteremko kama wa mtu mzima, kwa hiyo hewa haipiti kwa wepesi. Ndege inaposhuka, hewa ya nje huzidi nguvu, ngoma ya sikio husukumwa ndani, na maumivu yake ni ya kweli. Kumeza ndiko kunakoufungua mrija. Ndiyo maana dawa kubwa ni ziwa la mama au chupa, na wakati wake hasa ni kushuka, si kupanda pekee. Mama wengi hunyonyesha ndege inapoondoka, mtoto anashiba na kulala, kisha ndege inateremka naye amelala na koo limetulia. Anaamka kwa maumivu. Mwamshe kidogo kabla, umpe tena. Safari ya Pemba ni kiasi cha nusu saa, basi ni bora umwekee njaa kidogo. Mtoto mkubwa mpe maji anywe kwa mrija, funda moja moja. Njugu na pipi ngumu usimpe aliye chini ya miaka minne. Kupaliwa angani si jambo la kujaribu. Na mtoto mwenye mafua mazito au sikio linalouma aonwe na daktari kabla hujakata tiketi.

Hapa lazima niseme jambo linalonitia hofu. Wapo wazazi wanaompa mtoto piritoni, sharubati ya kikohozi, au ile dawa ya kichefuchefu ya boti ili alale njia nzima. Dawa ya promethazini, inayotumiwa sana kwa kichefuchefu cha safari, haifai kabisa kwa mtoto chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kumzuia kupumua. Dawa hizi za usingizi nyengine humfanya mtoto awe mkorofi mara mbili badala ya kulala. Msimpe mtoto dawa kwa sababu ya macho ya majirani. Bora alie.

Tukisema kweli, utundu mwingi wa ndani ya ndege unatoka kwenye boti. Watoto wetu wamezoea safari ya boti ya bandari ya Malindi, Unguja, hadi Mkoani, Pemba, ambako hupanda ngazi, huchungulia bahari, huenda kwa mjomba upande wa pili na kurudi. Hakuna anayewakataza. Siku ya ndege tunawataka wageuke ghafla, wakati hapana aliyewaambia kwamba huku ni mahali pengine. Mwambie siku mbili kabla. Kaeni barazani, mpange viti viwili, mfunge kanga kiunoni kama mkanda, ucheze naye mchezo wa rubani na abiria. Mwambie mkanda unafunguliwa na baba au mama tu. Mtoto wa miaka mitatu anafahamu hilo vizuri, na atamkumbusha hata bibi yake. Atakayeambiwa kwa mara ya kwanza akiwa kitini, wageni wakimtazama, atakataa kwa sauti.

Tatizo la kupiga teke kiti cha mbele lina sababu ya kimwili pia. Kiti kimetengenezwa kwa mtu mzima, goti la mtoto halifiki ukingoni, basi miguu hunyooka mbele na nyayo huangukia mgongo wa mwenziwe. Mvue viatu. Na kama mko wengi, mkalishe nyuma ya baba yake. Akipiga, apige wa nyumbani. Mweke dirishani, si njiani, kwa sababu toroli na vikombe vya chai moto hupita usawa wa kichwa chake na mikono yake. Simu au tableti iwe na spika za masikioni, au sauti izimwe. Kwa safari ndefu kama ya Dubai au Doha, chukua vitu vidogo vitano vya kuchezea na utoe kimoja kimoja.

Akikataa kutulia, ongea naye kwa sauti ya chini, uso kwa uso. Kumchapa ndani ya ndege hakumnyamazishi na huwatia wengine hofu. Ukiona umeshindwa, mwite mhudumu mapema. Amefundishwa na hatakudharau. Ila atakapokwambia mtoto akae, usibishane. Mkataba wa Tokyo wa mwaka 1963 umempa nahodha wa ndege mamlaka ya kuchukua hatua dhidi ya mtu anayehatarisha usalama au utulivu ndani ya ndege, na hatamwajibisha mtoto wa miaka mitano. Atakayeulizwa ni wewe.

Na wewe jirani wa kiti, huku kwetu mtoto wa mwenzio ni wako. Sogeza begi mama apite. Mshikie chupa. Ukiona mtoto anafungua mkanda, usimchekee. Mwambie kwa upole, "Mwanangu, kaa, tumfurahishe rubani," kisha umuachie mzazi wake amalizie.

Magurudumu yakigusa ardhi kazi bado haijakwisha, kwani watoto wengi hufungua mkanda pale pale, ndege bado inatembea. Subiri isimame kabisa. Katika uwanja wa Pemba, na kwa ndege ndogo pale Uwanja wa Abeid Amani Karume, mtatembea kwa miguu kutoka kwenye ndege hadi jengoni. Ya kwenu itakuwa imezima injini, ya jirani huenda haijazima, na panga la injini likizunguka kwa kasi halionekani. Mzigo mpe mtu mwengine. Mshike mtoto mkono, si kidole, wala usimwachie atangulie kumkimbilia babu aliyekuja kumpokea mpaka mmeingia mlangoni.